Taa tatu za kwenye kalvati: bajeti ya usalama ya Dar inasomwaje

Mtaani kwetu kuna kalvati, na pembeni yake kuna nguzo tatu za taa za sola zilizokuja na mradi wa barabara. Mwanzoni ziliwaka vizuri mpaka wakaanga chipsi wakahamia pale, afu ikazimika moja, ikafuata ya pili, na sa hivi imefika miezi minane ni giza tupu, watu wanakabwa palepale. Kwenye kikao cha mtaa cha mwezi uliopita ajenda ya ulinzi ilikuwa moja tu, mchango wa ulinzi shirikishi upande kutoka elfu mbili kwa nyumba uwe elfu tatu. Akasimama mama mmoja wa genge, banda lake liko hatua chache tu kutoka kwenye hizo taa, akasema: "Mwenyekiti, kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU kila mwezi, ushuru wa genge nalipa, na hii nayo nalipa. Kwani huko halmashauri hamna bajeti ya ulinzi?" Watu wakaguna, mwenyekiti akasema ulinzi unaanza na sisi wenyewe, kikao kikaendelea.

Lile swali sikuliacha pale. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara, nikaona hili angalau naweza kulifuatilia, nikatafuta kitabu cha bajeti cha halmashauri yetu, nikatafuta na hotuba ya Wizara ya Mambo ya Ndani, nikakaa navyo karibu wiki mbili usiku baada ya kazi. Nilichokipata ndo naandika hapa, kwa sababu naamini watu wengi Dar wana swali kama la yule mama na jibu lake haliko kwenye kitabu kimoja.

Ukifungua kitabu cha halmashauri yoyote ya Dar, iwe ya Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, ukatafuta polisi hutawakuta. Zimamoto vilevile. Hakuna aliyewaficha, ni kwamba sio wa halmashauri. Jeshi la Polisi ni la nchi nzima na hela yake inapita Fungu 28 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni Fungu 14 chini ya wizara hiyohiyo. Fungu ni kama mfuko wenye namba, kila taasisi inayoidhinishiwa hela na Bunge ina wake, na hela ya mfuko huu huwezi kuichukua kienyeji ukaipeleka mfuko ule. Mkuu wa wilaya, ambaye ndo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ofisi yake kwa hapa kwetu inalipwa kupitia Fungu 88, la Mkoa wa Dar es Salaam. Kwahiyo diwani wako unaweza kumlaumu kwa mengi, lakini idadi ya askari kwenye kituo chenu yeye haipigii kura, na hotuba inayosomwa Dodoma haikuonyeshi kituo chenu peke yake, inakuonyesha jeshi zima.

Zimamoto haikuwa hivyo zamani. Vikosi vilikuwa chini ya halmashauri za miji, mpaka ilipokuja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ikawaweka wote kuwa jeshi moja la taifa. Mi binafsi naona kulikuwa na maana, maana mji wenye mapato ungekuwa na magari na mji maskini ungeungua huku unaangalia. Ila kuna kitu tulikipoteza, ule uwezo wa mtu wa Temeke kusimama kwenye baraza la madiwani wa kwake akauliza kwa nini gari limekaa gereji.

Wengi wetu tunachanganywa na tunayoyaona ya nje. Marekani mji mdogo wa watu laki moja na kitu unakuwa na polisi wake na zimamoto yake, baraza la mji ndo linapanga mishahara yao, na kwa miji mingi hizo idara mbili ndo zinakula kuliko idara nyingine yoyote. Mji wa Vallejo kule California uliomba kinga ya kufilisika mwaka 2008, na wakati huo karibu robo tatu ya mfuko mkuu wa mji ilikuwa inaishia kwa polisi na zimamoto, yaani mishahara, ovataimu na pensheni. Mwananchi wa pale akiuliza swali la mama wa genge anafunguliwa kitabu kimoja. Ugomvi wao ni mkali lakini uko mezani, kila mtu anauona. Sisi wa kwetu umekatwa vipande, kila kipande kiko ofisi yake, na hakuna kikao hata kimoja ambako vipande vyote vinakaa meza moja mbele ya wananchi.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Nilipoanza kuviweka vile vitabu pamoja nikaona kila kitu cha usalama kina bei mbili, ya kukipata na ya kukifanya kifanye kazi kila siku. Serikalini bei ya kwanza inaitwa matumizi ya maendeleo. Ya pili ni matumizi ya kawaida, na hayo yanagawanyika tena, kuna mishahara na kuna matumizi mengineyo, yale ambayo ofisini wenyewe wanaita OC. Gari jipya ni maendeleo. Dizeli ya hilo gari, tairi, betri, buti za askari, karatasi za kuandikia maelezo, umeme wa kituo, hivyo vyote ni OC. Na Dar shida kubwa niliyoiona ni kwamba anayelipa bei ya kwanza na anayelipa bei ya pili mara nyingi ni watu wawili tofauti ambao hawajawahi kukaa pamoja wakakubaliana.

Chukua kituo kidogo cha polisi. Kuna mitaa mingi hapa mjini ambako wananchi walichangishana, huyu tofali, huyu saruji, huyu bati, diwani akaweka chake, mfanyabiashara fulani akamalizia rangi, siku ya ufunguzi kukawa na ngoma na picha. Bei ya kwanza imelipwa na mtaa. Lakini askari wa kukaa mle ndani wanatoka Fungu 28, posho zao Fungu 28, na anayepanga mgawanyo wa askari hakuwa kwenye kile kikao cha matofali, ana vituo vingine vingi vya kuvigawia askari walewale. Ndo maana unakuta kituo kizuri kimefungwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, muda ambao kazi yake ndo inaanza. Wananchi wanasema polisi hawatujali, polisi wanasema hatuna watu, na wote wawili wanasema kweli. Kama mtaa wenu unataka kuanza kuchangishana kituo, nawaomba kwa dhati kabisa, kabla ya tofali la kwanza pateni barua inayosema askari wangapi watakuja na watafanya kazi saa ngapi mpaka saa ngapi.

Zimamoto nayo inabidi niizungumzie kirefu kidogo kwa sababu hapo watu wanahukumu bila kujua hesabu. Kila moto ukitokea utasikia "wamekuja bila maji", na kuna mahali wamepigwa mpaka mawe. Piga hesabu na mimi. Tuseme gari limekuja na lita 5,000, na mpira unatoa lita 1,000 kwa dakika. Dakika tano limekauka. Kwahiyo gari linaweza kuja limejaa na bado wewe uliyefika dakika ya saba ukaapa kwamba lilikuja tupu. Baada ya hapo gari linatakiwa lipate maji karibu, kwenye yale mabomba ya barabarani ya kuchotea maji ya kuzimia moto, na bomba hilo linategemea mtandao wa DAWASA, sio Fungu 14. Na bomba lenyewe likiwa limefukiwa na paving za duka la mtu au kibanda kimejengwa juu yake, kumwondoa mwenye kibanda ni kazi ya mgambo wa halmashauri. Hebu hesabu ofisi. Gari la huyu, maji ya yule, njia ya kuyafikia ya mwingine. Afu njia ya gari lenyewe kupita, mwingine tena.

Hiyo ya njia naijua kwa macho yangu. Mwaka juzi nyumba ya jirani yetu iliungua mchana, gari lilikuja na lilikuja haraka tu, likasimama kona ya barabara kubwa kwa sababu uchochoro wetu umebanwa na kuta pande zote mbili, kila mtu kasogeza ukuta wake kidogo kidogo miaka ishirini. Askari wakavuta mipira kwa mkono, wakaunga mipira na mipira, vijana wakasaidia, na mpaka maji yanafika vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vimeshakwisha na cherehani ya yule mzee, ambayo ndo ilikuwa inamlisha, ilikuwa imebaki chuma. Hakuna aliyekosea siku ile. Kosa lilifanyika taratibu siku nyingine zote, kwenye kifungu cha mipango miji ambacho hakuna anayekihesabu kama hela ya usalama. Nikiwa nasoma kitabu cha bajeti niliangalia mafuta ya gari la ukaguzi wa ujenzi yamepangiwa kiasi gani, nikamkumbuka yule mzee.

Na ukaguzi wa majengo sio jambo dogo mji huu. Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka katikati ya mji na watu zaidi ya thelathini wakafa, baadaye tukasahau tukaendelea kupandisha maghorofa kama kawaida, na Novemba 2024 likaporomoka jengo lingine Kariakoo, watu wakachimbuliwa kwa mikono na mashine kwa siku kadhaa. Kila likitokea tunaongelea vifaa vya uokoaji, na ni kweli vinahitajika. Lakini uokoaji ni bei unayolipa baada ya ukaguzi kushindwa, na mhandisi mmoja mwenye pikipiki na mafuta ya kuzunguka nayo kila siku ni rahisi mno ukilinganisha na mtambo wa kunyanyulia zege. Kwenye kitabu cha halmashauri huyo mhandisi humwoni chini ya neno usalama. Mtafute chini ya vibali vya ujenzi.

Ndo maana nasema ukitafuta hela ya usalama usitafute neno "ulinzi". Mi nilianza hivyo na nikapotea, maana neno linatokea lakini ukisoma vizuri ni walinzi wa kulinda ofisi, shule na vituo vya afya. Tafuta kwa kujiuliza, likitokea jambo fulani usiku huu nani ataitwa na atahitaji nini mkononi. Mafuriko? Basi mtaro ndo usalama wako, na mtaro wa barabara ya mtaani uko TARURA, chombo cha barabara za vijijini na mijini kilichoanzishwa 2017, ambacho tangu mwaka wa fedha 2021/22 kimeongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua. Mtu wa bodaboda pale Jangwani anayejaza lita mbili tatu kila siku anachangia mtaro, hata kama hajui. Mama mjamzito amezidiwa? Kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115, na hapo unakutana na bajeti ya afya, gari la hospitali na madereva wa kawaida waliosajiliwa. Moto ni 114. Uhalifu ni 112. Namba tatu, na nyuma ya kila namba kuna mfuko wake.

Halmashauri yenyewe ina mgambo, na hapa naomba msomaji uwe makini. Kwenye kitabu angalia mgambo wamewekwa upande gani wa shughuli. Kama lengo lililoandikwa ni kupunguza matukio, kusafisha njia za dharura, kulinda maeneo ya wazi, hiyo ni hela ya usalama. Kama wamewekwa kwenye ukusanyaji wa mapato, na lengo ni faini na ushuru, basi hiyo ni hela ya kukusanya hela, hata kama wamevaa sare. Silaumu halmashauri kukusanya, bila mapato hakuna kitu. Ila mgambo huyohuyo anayepimwa kwa faini za siku atakwenda kwa mama wa genge, hawezi kwenda kwenye kalvati lenye giza ambako hakuna wa kumtoza.

Halafu kuna sheria zenyewe za mapato ya ndani. Asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inayobaki nayo ina sehemu ambayo mwongozo unataka iende kwenye miradi ya maendeleo. Nia ni nzuri, kuzuia halmashauri isile hela yote kwa posho na vikao, na aliyewahi kuona vikao vya posho ataelewa kwa nini sheria ilikuja. Lakini angalia matokeo yake kwenye usalama, kununua kunasukumwa mbele na kuendesha kunabaki na kilichosalia mfukoni. Nguzo ya taa inahesabika kama maendeleo, betri yake sio. Na hakuna mgeni rasmi anayeitwa kuzindua betri.

Kitu kingine ambacho lazima ukijue ni kwamba bajeti iliyopitishwa ni ruhusa, hela yenyewe inakuja baadaye. Bunge likipitisha maana yake ni kwamba mnaruhusiwa kutumia mpaka hapo kama hela itapatikana. Hazina inatoa kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyokuja, na mishahara inakwenda kwanza, kwahiyo kitu kinachosubiri ni OC na miradi. Ndo maana ukurasa wa kuusoma kwa makini ni ule wa utekelezaji wa mwaka uliopita, wenye safu ya kilichoidhinishwa na safu ya kilichopokelewa. Tuseme kifungu cha mafuta kilipangiwa milioni 100 kwa mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwahiyo ikifika mwisho wa Machi imeshapita miezi tisa na ungetegemea milioni 75 ziwe zimefika. Ukikuta 40, basi bajeti halisi ya mafuta sio 100. Na mwakani wakiandika 110 na kusema tumeongeza, wewe shika kalamu yako urudi kwenye ile 40. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zile zinazofika bungeni kila Aprili, zinakusaidia hapohapo, zina sehemu ya serikali za mitaa na zinaonyesha kilichopangwa na kilichofika.

Kuna na mtego wa kugawa hela kwa idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Mkoa wa Dar es Salaam, na mtu yeyote atashawishika kuchukua bajeti agawanye aseme kila mkazi analindwa kwa shilingi kadhaa, Kigamboni hivi, Jiji vile. Sensa inahesabu mtu alipolala. Kariakoo mchana na Kariakoo ya usiku wa kuamkia siku ya sensa ni sehemu mbili tofauti kabisa, mchana wamo wa Mbagala, wa Kimara, wa Bunju, wamo wa Lubumbashi na Lusaka waliokuja kufunga mzigo, na wote hao wakiibiwa au soko likishika moto, kama lilivyoungua lile soko kuu usiku wa Julai 10, 2021, ni mzigo wa palepale. Kwahiyo halmashauri yenye biashara ikionekana inatumia sana kwa kichwa, usikimbilie kusema inafuja. Na ile ya pembeni ikionekana inatumia kidogo, kumbuka watu wake wanarudi usiku, saa za kukabwa.

Sasa mfuko wa mwisho, ambao haumo kwenye kitabu chochote. Ni ule wa kwetu. Mtaa wetu una nyumba kama mia sita hivi zinazochangia, elfu mbili kila moja, hiyo ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 14 na laki nne. Walinzi wetu wako wanane, kila mmoja anapata laki na nusu, wanane mara laki na nusu ni milioni moja na laki mbili. Imekwisha. Yaani hela yote ni mishahara, hakuna OC hata senti, hamna tochi, hamna koti la mvua, hamna filimbi mpya, kijana wetu mmoja alilinda masika yote amejifunika mfuko wa saruji. Ndo ugonjwa uleule wa juu, umeshuka mpaka kwetu. Na hiyo ni kama nyumba zote zinalipa, kitu ambacho hakijawahi kutokea, miezi mingine vijana wanapewa nusu wanaambiwa wasubiri.

Ulinzi wa namna hii una historia ndefu, sungusungu walianzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 baada ya wizi wa ng'ombe kuzidi, serikali ikaja kuwatambua kisheria 1989, na mjini ukaja huu wa polisi jamii na ulinzi shirikishi. Siupingi hata kidogo, wale vijana wanajua nani ni mgeni mtaani kuliko askari yeyote atakayeletwa. Ninachosema ni kwamba mtaa mmoja tu unatumia milioni 14 kwa mwaka bila kitabu, na Dar ina mamia ya mitaa. Ukitaka kujua mji huu unatumia kiasi gani kwa usalama, hiyo hela hujaihesabu, na wala hujahesabu walinzi wa kampuni kwenye mageti na wale wamasai wa kwenye maduka. Kila mara tunapochangishana kimyakimya tunaziba pengo la mfuko fulani, na mwenye huo mfuko haoni pengo, kwa sababu limeshazibwa. Yule mama wa genge aliliona kabla yangu, mi ilibidi nisome kurasa mia mbili.

Kama unataka kufanya hivi mtaani kwako, cha muhimu ni wakati. Watu wengi tunaamka Juni, siku waziri wa fedha anaposoma bajeti kwenye televisheni. Juni umechelewa sana. Mwongozo wa bajeti wa Wizara ya Fedha unatoka mwishoni mwa mwaka, mitaa na kata zinatakiwa kupeleka vipaumbele vyao kipindi hicho, kamati ya maendeleo ya kata inakaa, afu menejimenti ya halmashauri, kamati ya fedha, na baraza la madiwani linapitisha mapema mwaka unaofuata kabla vitabu havijaenda mkoani, TAMISEMI na Hazina. Kipaumbele ambacho hakikuandikwa kwenye muhtasari wa mtaa hakina pa kushikia huko juu. Na ukinyimwa kitabu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, andika barua, isajiliwe, ubaki na nakala yenye muhuri. Mi sikufika huko, kitabu nilikipata kwa kuomba tu kistaarabu, kijana wa masjala hata alinitolea kopi za kurasa nilizozitaka.

Basi turudi kwenye taa. Nilimwomba fundi wa sola akaja kuziangalia, akapanda kwa ngazi, akasema paneli ziko nzima na balbu ziko nzima, betri ndo zimekufa, zimefikia umri wake. Nikarudi kwenye vitabu. Nguzo zilikuja na mradi, mradi ukafungwa. Matengenezo ya barabara yapo yameandikwa kwa jumla, kilomita na mitaro, taa hazikutajwa. Kwenye halmashauri hazipo kwa sababu zilihesabiwa mali ya barabara. Polisi hazipo, kwa nini ziwepo. Nimegeuza kila ukurasa, hizo betri hakuna mahali zimeandikwa, sio kwamba zimeandikwa na hela haikuja.

Jumamosi iliyopita nikaenda kwenye kikao na karatasi mbili. Ya kwanza ni hesabu ya mchango wa ulinzi, iliyoingia na iliyotoka, tukaibandika ukutani ofisi ya mtaa. Ya pili ni pendekezo kwamba nyongeza ya elfu moja, ambayo kwa nyumba mia sita ni laki sita, mwezi wa kwanza inunue betri zote tatu na mkono wa fundi, na miezi inayofuata iwe ya tochi, makoti na akiba, isiguswe kwa mishahara. Kuna baba mmoja alipinga, akasema tukinunua betri tumeshakubali taa ni zetu milele na huko juu hakuna atakayeziandika tena, na kusema ukweli hoja yake ni nzito, ndo hilohilo nililoandika hapa juu. Mi nilisema watu wanakabwa leo, tununue, lakini risiti iambatanishwe kwenye barua ya kwenda kata kwamba hii ni gharama tumeibeba kwa niaba na tunaomba kifungu. Wengi wakanyoosha mikono kukubali.

Mama wa genge akawa wa mwisho kusema. "Sawa tununue. Na hizi zikifa?" Mwenyekiti akanitazama, mi nikamtazama mtendaji. Tumekubaliana swali liandikwe kwenye muhtasari kama alivyolisema, na mtendaji aupeleke kata kabla ya kile kikao cha vipaumbele.